MAJI MEUPE YANAWEZA KUFICHA SUMU

Mama wapenzi, hapa kliniki mnasikia kila siku: «Chemsheni maji ya kunywa.» Neno hilo ni la kweli, maana moto unaua vijidudu vya kuhara. Lakini kuna sumu ambayo moto hauiwezi. Leo tujifunze namna laboratware inavyoitafuta.

Katika nchi ya Bangladesh, miaka ya 1970 na 1980, watu walichimba visima vingi vya bomba ili watoto wasife kwa kuhara. Maji yalikuwa meupe, bila harufu. Mwaka 1993 ikajulikana kwamba mengine yana arseniki, sumu inayotoka ndani ya udongo wenyewe. Mtu akiinywa miaka mingi, ngozi inapata madoa, viganja vinakuwa vigumu, na kansa inaweza kufuata. Ukichemsha, maji yanapungua, arseniki inabaki.

Juu ya nini macho hayaioni? Kwa sababu imeyeyuka, sawa na chumvi katika mchuzi. Vitu vingi vinavyoyeyuka hivi vinakuwa vipande vidogo sana vyenye umeme, vinaitwa ioni.

Laboratware inafanya kazi mbili.

Ya kwanza ni kutenganisha, ndiyo kromatografia. Maji yanasukumwa katika mrija uliojaa chembe ndogo. Fikirini wanawake wanaotoka sokoni kwa njia moja: huyu anapita tu, yule anasimama kusalimia kila nyumba. Vivyo hivyo arseniti inatoka mbele. Arsenati inashikwa njiani, inachelewa.

Ya pili ni kutazama mwanga. Kinachotoka kinaingia katika plasma, ni gazi ya argoni iliyopashwa moto kwa umeme kupita digrii 6,000. Mama, umeona maji ya chumvi yakimwagika juu ya moto wa buluu? Moto unageuka manjano: ni alama ya sodiamu. Kila elementi ina mwanga wake. Ule wa arseniki jicho haliuoni, lakini mashini inauona na kuupima. Kama arseniki ni kidogo sana, laboratware nyingi za siku hizi zinapima uzito wa ioni pahali pa mwanga.

Kwa nini kazi mbili? Plasma peke yake inasema tu: «Arseniki ipo.» Mtu aliyekula samaki wa bahari, mkojo wake unaweza kuonyesha arseniki nyingi, lakini ile ya samaki, arsenobetaini, haimdhuru. Arseniti ni sumu kali. Pasipo kuzitenganisha, munganga anaweza kumwogopesha mtu bure.

OMS inashauri arseniki isipite miligramu 0.01 katika litre moja ya maji. Kule Bangladesh walipaka bomba mbaya rangi nyekundu, bomba nzuri rangi ya kijani.

Basi mama, usiache kuchemsha maji. Na kisima kipya kikichimbwa kwenu, uliza wakubwa: «Maji haya yamepimwa?» Kuuliza si aibu.