Usiongeze Sabuni Juu ya Sabuni

Delta ya Rufiji imezungukwa na maji, ila maji safi ya kunawia ni adimu. Maji ya chumvi huingia visimani, na mafuriko kama ya Aprili 2024, yaliyozikumba Kibiti na Rufiji, huchanganya maji ya visima na ya vyoo. Katika mazingira hayo, sabuni ya maji ikikaribia kwisha zahanati, ni rahisi mtu kuizimua kwa maji ya kisima au kumimina mpya juu ya masalia. Chupa haioshwi wala haikauki. Zoea hilo ndilo la kukomeshwa kwanza, kabla ya kufikiria sabuni ghali.

Wengi watauliza: vijidudu vitaishije ndani ya sabuni ilhali sabuni huviua? Kazi yake kubwa ni kuvibandua kwenye ngozi pamoja na mafuta na uchafu, maji yakavichukua. Sabuni iliyozimuliwa hupungukiwa nguvu ya dawa inayoihifadhi isiharibike, na bakteria wapendao majimaji, kama Pseudomonas na Serratia, hujenga utando ndani ya chupa na kuchafua kila sabuni inayoongezwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011 ulikuta kwamba, katika shule moja ya msingi, walionawa kwa sabuni iliyochafuka hivyo walibaki na bakteria wa jamii hiyo mikononi mara 26 ya walivyokuwa kabla ya kunawa. Mwenye afya huenda asidhurike; mzazi, kichanga mwenye kitovu kibichi na mwenye kidonda wamo hatarini.

Je, habari hizi hazitawafanya watu waache kunawa? Hazipaswi, kwa kuwa njia salama ipo na ni nafuu. Katika jaribio la 1988, watu 16 walinawa kwa vipande vya sabuni vilivyopakwa bakteria makusudi, na hakuna aliyebaki nao mikononi kwa kiwango cha kupimika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unakataza kujaziliza chupa, na unaruhusu sabuni ya mche iliyokatwa vipande vidogo, ikae juu ya kichanja kinachochuja maji. Atakayesema kumwaga masalia ni hasara apime gharama ya dawa na ya boti ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Lakini mhudumu hawezi kuosha chupa bila maji safi; hilo ni deni la halmashauri.