Hedhi Kubadilika Baada ya Kuumia Kichwa

Mwanachama anapoanguka kutoka juu ya shehena ya kahawa, au anapopata ajali ya pikipiki akitoka ghalani, kila mtu hutazama jeraha. Jeraha likipona, shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Lakini kwa baadhi ya wanawake hedhi iliyokuwa ikija kwa utaratibu huanza kuchelewa, kuruka miezi, au kukoma kabisa. Ndipo minong'ono huanza: ana mimba ya nani, au karogwa na nani? Pigo la kichwa limekwisha kusahauliwa.

Yafaa ieleweke kwamba hedhi hutoka katika tumbo la uzazi, lakini amri yake hutoka kichwani. Chini ya ubongo imo sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo hupeleka ujumbe kwa vipindi kwenye tezi ya pituitari, iliyo ndogo kama punje ya njegere. Tezi hiyo nayo humwaga katika damu homoni mbili zinazokomaza yai na kulitoa. Vipindi hivyo vikivurugika yai halitoki, na hedhi hupotea njia.

Pituitari hukaa katika kishimo cha mfupa, ikining'inia kwa kikonyo chembamba chenye mishipa ya damu. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, kikonyo huweza kuvutika au kukatika, na tezi ikakosa damu. Jambo hili si geni: mwaka 1918 daktari Cyran wa Ujerumani aliandika juu ya pituitari iliyodhurika kwa kuvunjika sakafu ya fuvu. Wakati mwingine homoni ya maziwa, prolaktini, hupanda kwa kukosa kizuizi chake kinachopitia kikonyoni. Mwanamke asiyenyonyesha akatokwa na maziwa, na hedhi ikakoma.

Hata hivyo si haki kulilaumu pigo kwa kila jambo. Mimba yapasa kupimwa kwanza. Maumivu, hofu na kukonda huweza kuzuia hedhi kwa miezi kadhaa, kisha ikarudi yenyewe. Sindano ya uzazi wa majira huweza kuikomesha. Dawa pia zina sehemu yake: valproeti, ambayo hutolewa kwa kifafa, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Mgonjwa asiache dawa ya kifafa kwa shauri lake mwenyewe; amweleze mganga.

La hatari zaidi ni kwamba pituitari huamuru pia utengenezaji wa kortisoli. Mwanamke aliyeumia kichwa, ambaye sasa ana uchovu usiokwisha, kizunguzungu anaposimama na kutapika, asingoje kuhesabu miezi. Apelekwe hospitali apimwe damu, kwani upungufu huo huweza kuua, hasa akishikwa na malaria au akifanyiwa upasuaji. Kiu kali na mkojo mwingi mno navyo vitajwe.

Hapa daftari la ajali la chama lina kazi. Katibu aandike tarehe, jinsi mtu alivyoanguka, kama alizimia na kwa muda gani. Mganga atayahitaji hayo hata baada ya mwaka. Habari za hedhi hazimhusu katibu, wala zisiandikwe humo. Mwenyewe ndiye aweke alama ya siku ya kwanza kila mwezi. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Miezi 3 bila hedhi, naye hana mimba, yatosha kumpeleka zahanati akiwa na tarehe ya ajali mkononi.