Weupe wa Mnyama Watoka Wapi?

Mara nyingine huzaliwa zizini ndama mweupe, ilhali mama yake ni mweusi na fahali ni mwekundu. Mwenye ng'ombe huanza kushuku kwamba fahali wa jirani aliingia malishoni, au kwamba zizi limetazamwa kwa jicho baya. Ugomvi huzuka, na pengine ng'ombe mwema huuzwa kwa bei ya hasara. Kabla ya kufanya hivyo, yafaa mfugaji ajue namna rangi inavyorithiwa.

Katika jambo la rangi, mnyama hupokea mbegu za urithi mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ziko mbegu zenye nguvu, ambazo moja tu yatosha kuonekana. Tena ziko mbegu za kujificha, ambazo hazionekani mpaka zikutane mbili.

Farasi ni wachache katika wilaya za Tarime na Serengeti, lakini kwao jambo hili limechunguzwa sana. Farasi wengi waitwao weupe huzaliwa na rangi nyeusi au nyekundu, kisha nywele zao hubadilika mwaka hata mwaka. Mbegu ya weupe huo ni ya nguvu, nayo ilitambuliwa na wataalamu mwaka 2008. Ngozi yao hubaki nyeusi, lakini wengi wakipita miaka 15 hupata uvimbe mweusi, hasa chini ya mkia.

Mbegu ya kujificha ina desturi nyingine. Wazazi wawili wenye rangi, kila mmoja akiwa ameificha mbegu hiyo moja, huweza kuzaa mtoto asiye na rangi kabisa. Kwa wastani ni mmoja katika wanne, ingawa aweza kuwa wa kwanza. Punda weupe wa kisiwa cha Asinara, nchi ya Italia, hurithi weupe wao kwa njia hii. Hata porini rangi hupungua: mwezi wa Februari 2019 alipigwa picha katika Hifadhi ya Serengeti pundamilia mwenye mistari ya rangi ya dhahabu.

Iko pia mbegu ya hatari. Katika aina fulani za farasi wa mabaka, dume na jike wenye mbegu moja ya mabaka wakipandishana, mtoto mmoja katika wanne, kwa wastani, huzaliwa mweupe. Huyo hufa baada ya siku chache, kwa kuwa matumbo yake hayana mishipa ya fahamu ya kusukuma chakula.

Basi mfugaji na ashike haya:

1. Usitazame nywele tu. Zipekue uione ngozi. Nywele nyeupe juu ya ngozi nyeusi ni jambo jema, maana hupunguza joto la jua na ngozi haiungui.

2. Ngozi nyekundu ya waridi huungua upesi. Ng'ombe mwenye kope za namna hiyo hupata saratani ya jicho kwa urahisi zaidi. Mpatie kivuli, na ukiona uvimbe jichoni mwite Bwana Mifugo mapema.

3. Akizaliwa ndama asiye na rangi kabisa, usimpandishe tena mama yake kwa fahali yule yule, wala kwa ndugu zake.

4. Andika kila uzao: mama, fahali na rangi ya ndama. Daftari huamua shauri ambalo maneno ya majirani hayawezi kuliamua.