Kwa nini faini ya mwendo kasi inamgusa kidogo dereva wa nje? Mfano wa barabara ya Rusumo

Wilaya ya Ngara imepakana na nchi mbili. Ukiwa Kanazi, unaweza kwenda Burundi kupitia Kabanga au Rwanda kupitia Rusumo, na kote huko hutumii siku nzima. Kwa hiyo lami ya huku si ya wenyeji peke yao. Mchana na usiku yanapita malori ya makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam, matenki ya mafuta, mabasi, na yale magari madogo ya IT ambayo ndiyo kwanza yameshushwa melini. Pembeni ya lami hiyo hiyo wapo wanafunzi wanaokwenda shule kwa miguu, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, na bodaboda.

Ukikaa kwenye vijiwe vya barabara kama hii utasikia malalamiko mawili. Mwenyeji anasema: "Hawa wenye namba za nje hawaogopi tochi, wanajua kesho hawapo." Dereva wa nje naye anasema: "Trafiki wanatuotea sisi wageni, wenyeji wanaachiwa."

Nani yuko sahihi? Inawezekana wote wawili, na sababu ni moja. Twende taratibu.

Kwanza, kwa nini 50?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Nje ya makazi, gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 halitakiwi kuvuka 80. Wengi wanaona tofauti ya 50 na 80 ni ndogo. Hebu tupige hesabu.

Chukua malori mawili yanayofanana, moja lina 50, jingine 80. Mtoto anakatiza barabara. Tuseme kila dereva anahitaji sekunde 1.5 kuona, kuamua na kukanyaga breki, na breki zinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, kiwango cha kawaida kwa gari zito kwenye lami kavu.

Lori la 50 linatembea mita 21 kabla breki hazijashika, halafu mita 19 za kupunguza mwendo. Jumla ni mita 40, limesimama. Lori la 80 linatembea mita 33 kabla breki hazijashika, halafu mita 49. Jumla ni mita 82 hivi.

Sasa jiulize: pale ambapo lori la kwanza limeshasimama, mita 40, la pili lina mwendo gani? Breki zake zimefanya kazi mita 7 tu. Ukipiga hesabu unapata kilomita 74 kwa saa. Yaani mtoto aliyesimama mita 41 mbele ya lori la kwanza anapona. Akiwa mbele ya lori la pili anagongwa na gari ambalo ni kama halijafunga breki kabisa. Na nguvu ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 50 kwenda 80 mwendo umeongezeka mara 1.6, lakini nishati imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Fizikia hii haibagui. Lori la T au la namba za Rwanda linasimama kwa kanuni zile zile.

Tochi nayo haibagui

Tochi nyingi za siku hizi hutumia mwanga wa leza. Askari anaielekeza kwa gari, inarusha vipande vifupi vya mwanga, vinagonga gari na kurudi. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kwa gari lililo mita 150, safari ya kwenda na kurudi inachukua sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kifaa kinarudia upimaji huo mara nyingi sana ndani ya muda mfupi, kinaona umbali unapunguaje, na kutoka hapo kinapata mwendo.

Mpaka hapo wote tuko sawa. Tofauti inaanza baada ya namba kutokea kwenye kioo cha tochi: tunamdai nani, na tutampata wapi?

Kwa gari la Tanzania, faini ya shilingi 30,000 inaingia kwenye mfumo kwa namba ya usajili. Usipolipa leo, deni linabaki na gari. Siku ukisimamishwa na kukaguliwa, linaonekana. Gari la nje usajili wake uko kwenye daftari la nchi nyingine. Likishavuka daraja la mto Kagera, kumfuata mwenye gari Kigali au Bujumbura kwa ajili ya faini moja ya mwendo ni kazi kubwa kuliko faini yenyewe. Gari la IT ndiyo kabisa: safari yake ya barabara hii ni moja tu maishani, na dereva amekodiwa kulifikisha.

Wanaosoma tabia za watu mbele ya sheria wana hesabu rahisi hapa. Uzito wa adhabu kichwani mwa dereva ni kiasi cha faini zidisha na uwezekano wa kuilipa kweli. Tuseme, kwa mfano tu, uwezekano wa kukamatwa ni mmoja kati ya kumi. Faini ya 30,000 inakuwa na uzito wa 3,000. Kama uwezekano wa kulipa baada ya kukamatwa ni nusu, uzito unashuka hadi 1,500. Faini iliyoandikwa kwenye karatasi haijabadilika hata senti. Cesare Beccaria, Mwitaliano, aliandika jambo hili mwaka 1764: kinachomzuia mtu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake.

Ushahidi wa New York

Je, hii si nadharia tu? Kuna jaribio ambalo jiji la New York lililifanya bila kukusudia. Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kinga: wakiegesha gari vibaya waliandikiwa faini, lakini hakuna aliyeweza kuwalazimisha kulipa. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walichapisha uchambuzi wao mwaka 2007. Kati ya Novemba 1997 na mwisho wa 2002 zilikusanyika faini zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18.

Mwezi Oktoba 2002 jiji lilipata uwezo wa kuwanyang'anya namba za kidiplomasia wadaiwa sugu. Makosa yalishuka kwa karibu asilimia 98. Watu walikuwa wale wale na faini ile ile. Kilichobadilika ni uhakika.

Utafiti huo una upande wa pili. Hata kabla ya 2002, wapo waliotii bila kulazimishwa: wanadiplomasia wa Norway, kwa mfano, hawakuwa na faini ya kudaiwa. Kwa hiyo tusiseme "mgeni" ni sawa na "mkaidi". Mtu anasafiri na mazoea ya kwao pia.

Na mazoea ya jirani zetu si lazima yawe mabaya. Rwanda tangu 2015 imekuwa ikitaka magari ya biashara yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na barabara zake zina kamera ambazo wananchi wamezibandika jina la Sofia. Sofia halali, na kumulikiana taa hakumsaidii dereva kwa kamera iliyofichwa asiyoijua. Halafu kumbuka kitu kimoja: ukivuka Rusumo, mgeni ni dereva Mtanzania. Anahamia kuendesha kulia, na namba ya T ndiyo inayoitwa ya nje.

Je, askari naye anabagua?

Turudi kwa dereva anayesema anaotewa. Michael Makowsky na Thomas Stratmann walichambua kumbukumbu za madereva waliosimamishwa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 2001, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Pale askari alikuwa na hiari ya kutoa onyo au faini. Madereva wa nje ya mji na wa nje ya jimbo walipewa faini mara nyingi zaidi kuliko wenyeji. Kadiri makazi ya dereva yalivyokuwa mbali na mahakama ya kulalamikia, ndivyo uwezekano wa faini ulivyopanda. Na miji ambayo wapiga kura wake walikataa kuongeza kodi ya majengo iliwatoza wageni zaidi.

Umeona? Umbali ule ule unaomfanya mgeni asiogope faini ndio unaomfanya awe rahisi kutozwa. Hawezi kurudi kulalamika, hana kura hapo, na askari anajua asipolipa sasa hatalipa tena. Kwa hiyo presha yote inaishia pembeni ya barabara, papo hapo, mtu kwa mtu. Hapo ndipo haki inapoyumba, na ndipo mlango wa rushwa unapofunguka.

Wenzetu wamefanyaje?

Tume ya Umoja wa Ulaya iliwahi kueleza kwamba madereva wa nchi nyingine ni kama asilimia 5 ya magari barabarani, lakini wanachangia karibu asilimia 15 ya makosa ya mwendo kasi. Jibu lao lilikuwa kubadilishana taarifa: mwelekeo wa mwaka 2015 unaruhusu nchi ambako kosa limetokea kumtambua mwenye gari kupitia daftari la nchi lilikosajiliwa. Marekani majimbo yalianza mkataba wa namna hiyo tangu miaka ya 1960.

Kwetu msingi upo tayari kwenye mambo mengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria moja ya uzito wa magari ya mwaka 2013, yenye kikomo cha tani 56, hivyo lori linapimwa kwa kanuni moja bila kujali namba zake. Kadi ya njano ya COMESA inafanya bima ya gari itambulike ng'ambo ya mpaka. Mizigo ya transit hufungwa lakiri za kielektroniki ili TRA ijue iko wapi. Yaani tumeweza kufuatilia kontena ili kodi isipotee. Kifaa kinachojua lori lilikuwa wapi saa ngapi, kinajua pia mwendo wake.

Kuna na njia isiyohitaji vifaa vingi: mwendo wa wastani. Kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo ni kama kilomita 92. Kwa kikomo cha 80, lori haliwezi kufika chini ya dakika 69. Likipita Lusahunga saa 4:00 asubuhi na likaonekana Rusumo saa 5:00 kamili, huhitaji tochi yoyote. Hesabu peke yake inathibitisha kwamba mahali fulani lilivuka kikomo. Na kumulikiana taa hakusaidii kitu. Tena mpaka una sifa ambayo tochi ya kijijini haina: kila gari la nje lazima lipite pale kutoka. Pamoja na hayo, tuta na rasta mbele ya shule havisomi namba ya gari wala havihitaji mkataba wa nchi mbili.

Kwa dereva anayesoma hapa, wa T au wa nje, hesabu ya mwisho: ukikimbia 100 badala ya 80 kutoka Lusahunga hadi Rusumo, unaokoa dakika 14. Foleni ya malori mpakani inaweza kuzimeza zote kabla hujashuka kupeleka makaratasi.