Bwawa Limejaa, Mbona Mfereji Wako Mkavu?

Ukiishi Nairobi, siku yako ya maji unaijua kuliko siku ya kuzaliwa ya mpenzi wako. Kwetu ni Alhamisi usiku. Saa tisa ploti nzima iko macho, mitungi imepangwa kwa korido, kila mtu anangoja mfereji ukohoe.

Sasa mvua ikipiga wiki mbili, picha za Ndakaini likifurika zinasambaa kwa simu, tunashangilia. Alhamisi inafika, mfereji unatoa hewa. Umewahi kujiuliza mbona?

Ndakaini liko Gatanga, Murang'a. Lilikamilika 1994, na likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya jiji hutoka huko, mengi yakisafishwa Ng'ethu. Mabwawa ya Sasumua na Ruiru yanaongezea kidogo tu. Kwa hivyo usihangaike na mawingu ya Eastleigh. Tazama ya Aberdare.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hesabu hii haitaki digrii. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Jiji likichota huko karibu mita 440,000 kwa siku, bwawa lililojaa pomoni, bila tone kuingia, linatupeleka miezi mitano hivi. Msimu mmoja wa mvua ukituhepa, tunaanza kukwangua sufuria. Ndivyo ilivyokuwa 2017: mvua za mwisho wa 2016 zilikuwa haba, mgao ukaanza Januari. Mtungi mmoja nilinunua shilingi 50, na nikaoga kwa kikombe.

Lakini mvua kubwa za 2018 ziliinua bwawa, na mgao haukuisha. Kumbe bwawa ni tangi tu. Mtambo na mabomba ndiyo mrija, na mrija ni mwembamba kuliko kiu ya jiji. Hata yale yanayopita, mengi yanapotelea njiani, kwa mabomba kuukuu na watu wanaojiunganishia usiku. Ule mtaro wa chini ya ardhi wa karibu kilomita 12 kutoka mito ya Murang'a unaongeza maji, sawa, ila wenyeji wa huko waliuliza tangu mwanzo: na mito yetu itabaki na nini? Swali la haki kabisa.

Basi ukitumiwa tena picha ya Ndakaini limejaa, muulize aliyetuma: yanatoka mangapi kwa siku, na mtaani yanafika mangapi? Akijibu, nitumie. Nitakuwa kwa korido, na mitungi yangu minne.