Mtoto wa Dawati la Nyuma: Msongamano wa Madarasa na Afya ya Mwanafunzi

Januari katika kata ya Ndalambo, Wilaya ya Momba, ni mwezi wa mvua na wa palizi. Ndio pia mwezi wa kufunguliwa shule. Mzazi humwogesha mwanawe, humvisha sare na kumkabidhi kwa mwalimu wa darasa la kwanza, akitumaini kwamba atajua kusoma kabla ya mwaka kwisha. Mara chache hujiuliza mwanawe ataketi wapi. Swali hilo, ambalo huonekana dogo, linagusa elimu na afya kwa pamoja.

Kiwango cha serikali kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7. Kikiwa na wanafunzi 45, kila mmoja ana mita ya mraba 1.4. Wakiingia 90, kila mmoja hubakiwa na mita 0.7, yaani nafasi ya mkeka mdogo, na hapo hatujaondoa sehemu anayosimama mwalimu. Anayeketi nyuma kabisa huwa mbali na ubao kwa takribani mita 8. Sisi wahudumu wa afya tunapopima uwezo wa kuona humsimamisha mtu mita 6 kutoka kwenye chati. Kwa hiyo mtoto huyo anafanyiwa kila siku mtihani wa macho mgumu kuliko wa kliniki, bila mtu yeyote kuandika majibu yake.

Msongamano huu una historia yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililenga elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na madarasa yakajaa. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza mwaka 2002, yalijaa tena. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, mwaka uleule Mkoa wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mkoa wa Mbeya, hali ilijirudia. Hakuna mtu mwenye busara anayetamani watoto wale warudishwe nyumbani. Dawati lililobanana ni bora kuliko kukosa shule. Hata hivyo, kumpokea mgeni ni jambo moja na kumpatia mahali pa kulala ni jingine.

Kuhusu tiba ya tatizo, wataalamu hawajakubaliana. Upande mmoja hutaja jaribio la jimbo la Tennessee, Marekani, lililoanza mwaka 1985 katika shule 79. Watoto waliowekwa katika madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 walifanya vizuri kuliko wenzao wa madarasa ya 22 hadi 25, na walionufaika zaidi walikuwa watoto wa familia maskini. Tukumbuke kwamba darasa lililoitwa kubwa huko ni kama nusu ya kiwango chetu.

Upande wa pili hutaja magharibi mwa Kenya. Baada ya ada kufutwa huko mwaka 2003, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 140 zilizopewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Madarasa ya wanafunzi zaidi ya 80 yalipungua kufikia takribani nusu. Ajabu ni kwamba wanafunzi waliobaki na walimu wao wa kawaida hawakuonyesha maendeleo makubwa kwa sababu tu wamepungua. Somo linalopatikana ni kwamba chumba kipya hakifundishi. Mwalimu aliyepo, anayehudhuria na anayesimamiwa vema ndiye anayeufanya upungufu wa idadi uwe na faida.

Hata hivyo, mjadala huo hupima alama za mtihani tu. Kwa macho ya mhudumu wa afya, idadi ina uzito wake yenyewe. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Mvua ya Januari inapofanya madirisha yafungwe, hewa ya chumba huwa moja kwa wote. Mtoto ambaye hakupata dozi zake mbili za chanjo ya surua na rubela, ya miezi 9 na ya miezi 18, hukutana na ugonjwa akiwa mahali pabaya kuliko pote. Upele na mapunye hupita kutoka mwili hadi mwili pale watoto wanne wanapobanana kwenye dawati la wawili. Choo nacho hulemewa: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na idadi ikizidi mara mbili, msichana aliye katika hedhi huona heri abaki nyumbani. Wakazi wa ukanda wa Tunduma hawajasahau kwamba Januari 2024 majirani zetu wa Zambia waliahirisha kufungua shule kwa sababu ya kipindupindu.

Mwalimu naye ni binadamu. Kupaza sauti siku nzima mbele ya watoto 90 huumiza koo. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu yahitaji kuonwa na daktari, na kikohozi cha wiki mbili chahitaji kipimo cha kifua kikuu. Tusisahau kwamba katika ugonjwa huo mara nyingi mtu mzima ndiye humwambukiza mtoto mdogo.

Serikali imejenga. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilileta mpango wa madarasa 15,000, ambayo 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Ujenzi uendelee, na walimu waajiriwe. Lakini mtoto aliyeko darasa la pili leo atakuwa amemaliza shule kabla baadhi ya kuta hazijapauliwa. Kwake kuna mambo yanayowezekana muhula huu.

La kwanza ni kupima macho. Chati ya herufi E, kamba ya mita 6 na mwalimu aliyeelekezwa vinatosha kumtambua mtoto wa kupelekwa kituo cha afya. La pili ni masikio: anayetokwa usaha sikioni, au asiyegeuka anapoitwa kwa sauti ya chini kutoka nyuma, atibiwe, na wakati huohuo aketishwe mbele. La tatu ni kubadilishana madawati kila wiki, ili nyuma pasiwe makazi ya kudumu ya mtu. La nne ni kufungua madirisha ya pande mbili kila mvua inapokatika. La tano ni kwa mzazi: siku ya dawa za kichocho na minyoo shuleni, mtoto ale kabla ya kumeza dawa, na kadi yake ya chanjo ikaguliwe kabla ya Januari.

Mhudumu mwenzangu, ukiletewa mtoto na kuambiwa kwamba ni mzito wa kuelewa, usianze na akili yake. Muulize anaketi wapi, kisha mpime macho na masikio. Nawe mzazi, utakapokwenda shuleni, usiishie ofisini kwa mwalimu mkuu. Omba ruhusa uingie darasani, uketi kwenye dawati la mwanao, utazame ubao kutoka hapo. Usichokiona wewe, pengine naye hakioni.