Uchina au Uingereza? Muulize anayeshika mkia

Saa kumi na moja alfajiri, Kitale bado kuna giza na baridi ya Mlima Elgon, lakini mabasi ya manjano tayari yako barabarani yakiokota watoto wa Gredi ya 3. Teremka hadi Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, utakuta mambo ni yale yale: mtoto ana usingizi, begi ni kubwa kumliko. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema shule za kutwa zifundishe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Nani anazifuata?

Ukiuliza wazazi, utapata kambi mbili. Ya kwanza inasema mtoto lazima akazwe, mazoezi na tuisheni kila siku, kama Wachina. Ya pili inasema mwacheni mtoto acheze na agundue kipaji chake, kama Waingereza. Sisi vijana tuko katikati. Wengine tayari ni wazazi, wengine wanalipia wadogo zao karo, wengine ni walimu wanagenzi. Kabla hujachagua kambi, hebu tuangalie nchi zenyewe zinafanya nini.

Uingereza tuliyorithi

Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao, Waafrika wakasomea zaidi shule za misheni, na mtihani ulikuwa chujio: wachache wapite, wengine warudi shambani.

Uingereza nayo ilikuwa na chujio lake, mtihani wa watoto wa miaka 11, uliotumika sana baada ya sheria ya elimu ya 1944. Lakini mwaka wa 1965 serikali yao ilizihimiza halmashauri ziachane nao, na sehemu nyingi zikauacha. Mwaka wa 1967 ripoti ya Plowden ikasisitiza kwamba mtoto ndiye kiini cha elimu ya msingi.

Sisi je? Tulikuwa na CPE, kisha KCPE kuanzia 1985 hadi 2023. Kiboko pia: sheria ya 1986 ilikiondoa katika shule za serikali za Uingereza, hapa kwetu kikapigwa marufuku 2001. Kwa hivyo ile elimu kali ambayo wazee wetu huisifu kuwa ya Mwingereza, Mwingereza mwenyewe aliitupa zamani.

Wachina si kukaza tu

Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2012, wanafunzi wa miaka 15 wa jiji la Shanghai walipata alama 613 katika hisabati. Uingereza ilipata 494. Kweli, Shanghai ni jiji tajiri na haliwakilishi Uchina nzima, lakini Waingereza walishtuka. Kuanzia 2014 wakabadilishana walimu wa hisabati na Shanghai. Mwaka wa 2016 wakatenga pauni milioni 41 ili shule za msingi 8,000, takriban nusu ya shule zao, zifundishe kwa mtindo huo.

Walichokikuta huko si fimbo wala kelele. Kipindi ni kifupi, dakika 35 au 40, karibu sawa na cha kwetu. Tofauti ni kwamba mwalimu wa hisabati anafundisha hisabati peke yake, hata katika madarasa ya chini, na ana vipindi vichache kwa siku. Muda unaobaki anasahihisha madaftari, anaandaa somo pamoja na wenzake, na anakaa na mtoto ambaye hakuelewa, siku hiyo hiyo. Darasa linasonga pamoja, hakuna anayeachwa eti atajifunza mbele ya safari.

Halafu Wachina wenyewe wameanza kulegeza. Mwaka wa 2021 serikali yao ilizuia kampuni za tuisheni kutafuta faida kwa masomo ya msingi, ikapunguza kazi ya nyumbani, na ikaondoa mitihani ya kuandika kwa darasa la kwanza na la pili. Si kwamba presha imeisha, maana mtihani wa kuingia chuo kikuu bado unawangoja mwishoni. Lakini anayetetea tuisheni ya usiku kwa jina la Wachina ajue hivyo. Na ajue pia kwamba sheria yetu ya 2013 inakataza tuisheni wakati wa likizo.

Wanapokutana

Hawa wawili wanasogeleana. Uingereza ina sheria tangu 1998 kwamba darasa la watoto wa miaka mitano hadi saba lisizidi 30. Uchina ina madarasa makubwa zaidi, lakini inampunguzia mwalimu vipindi. Mmoja anapunguza watoto, mwingine anapunguza vipindi, na wote wananunua kitu kimoja: muda wa mwalimu wa kumwangalia anayeshika mkia.

Sasa rudi Bungoma. Mwalimu mmoja anabeba karibu masomo yote, darasa linaweza kupita watoto 60, na madaftari anasahihisha usiku nyumbani. Akiwa mwanagenzi, anafanya hivyo kwa posho ya Sh15,000 kwa mwezi. Mwalimu kama huyo hawezi kuwa Mchina wala Mwingereza. Ndiyo maana kazi ya mikono ya CBC inaishia kwa mama aliye saiba saa mbili usiku akichapisha picha za wanyama, na hisabati inaishia kwa mwalimu wa tuisheni. Mzazi analipa mara mbili, na asiye na pesa, mtoto wake anabaki hapo hapo nyuma.

Kwa hivyo ukienda mkutano wa wazazi, iwe ni kwa ajili ya mwanao au mdogo wako, usiulize shule inafuata mtindo wa nchi gani. Uliza maswali matatu: Darasa lina watoto wangapi? Mwalimu ana vipindi vingapi kwa siku? Mtoto asipoelewa leo, nani atakaa naye, na lini?

Jibu la tatu likiwa ni "alete pesa ya tuisheni", usiondoke kimya. Simama, uwaulize na wazazi wenzako kama wamelisikia.